Kumi na Tisa

Vitabu vinaziita askari.
Mimi ninayeziamsha kila Jumanne kutoka baridi ya naitrojeni,
nikizipasha moto kiganjani kama yai,
sijawahi kuona askari.
Nimeona wapaliliaji.

Nimezaliwa Maragoli, kwenye robo ekari
ya mawe na kayongo.
Ua lake la zambarau ni zuri, mgeni angelichuma.
Lakini likichanua juu, chini limekwisha kula:
limeng'ang'ania mzizi, linanyonya kimyakimya,
na mahindi yanasimama kimo cha goti, yamejikunyata
kama mtoto aliyekatazwa kulia.

Mama yangu, Rasoa, aling'oa.
Mvua ndefu akang'oa, mvua fupi akang'oa.
Mbegu zake ni vumbi; hulala udongoni miaka na miaka
zikisubiri mzizi upite karibu.
Mwaka wa tisa jembe lilikuwa mkononi
na mkono haukuinuka.
Majirani wakasema Rasoa kawa mvivu.
Majirani hawajui kitu.

Ndivyo ilivyo kwa hizi.
Kirusi kikija na kwenda, kama mafua ya Juni,
seli hupigana, hushinda, hupumzika na kukumbuka.
Lakini hiki cha ini, kisichohama,
kinachoamka nazo na kulala nazo,
huzifundisha jambo moja: kujishika mkono.
Huotesha breki kwenye ngozi zao zenyewe.
Si woga. Ukiachilia moto wote
utachoma nyumba kwa ajili ya panya.

Mwenye damu hii namjua kwa nambari, 217.
Rejista haina jina. Lakini Kisumu ni ndogo,
na fundi baiskeli wa Kibuye ana grisi chini ya kucha
hata akinawa mara saba.
Siku ile, akikunja mkono wa shati, aliniuliza,
"Dada, zimekufa ama zimechoka?"
Nikamwambia sijui. Kujua ni kazi ya wiki mbili.

Wiki mbili: stima ikapotea mara tatu,
jenereta ikakohoa ndipo ikashika,
usubi wa ziwani ukajaa kwenye taa ya varanda
kama pilipili manga iliyomwagika.
Nikadondosha dawa, tone lisilo na rangi.
Haitii nguvu. Hilo ndilo nataka lieleweke.
Haichapi, haihimizi.
Inakalia tu kile kishikio
ili breki ikose pa kushika.

Mama naye hakuna aliyempa nguvu.
Shangazi Kageha alikuja akamtua mtungi,
akamchukua kitindamimba akamfunga mgongoni kwake,
akapanda desmodiamu katikati ya mistari,
mmea unaoidanganya mbegu ya kayongo
iote mahali pasipo na mzizi, ife na njaa yake.
Msimu mzima Mama alikaa barazani, mikono mapajani.
Msimu uliofuata, bila kuitwa na mtu,
nikasikia jembe.

Usiku wa kumi na nne mashine ikasoma.
Nukta zikatawanyika kwenye skrini,
nyingi zikabaki palepale, chini kushoto.
Hizo zimekwisha; utoe breki, uirudishe, haziendi.
Nimejifunza kutoziita vivu.
Lakini zile chache zilizobakiza ujana ndani yake
zikapanda, zikagawanyika,
zikaanza kutoa tena ile protini
ambayo hazikuwa zimeitoa tangu sijui lini.
Kumi na tisa kati ya mia.

Nilimwambia: hii ni maabara, si mwili.
Hiki ni kisahani, si ini la mtu.
Nikarudia, maana matumaini husikia neno la kwanza tu.
Akahesabu kwa vidole vyake vya grisi.
"Kumi na tisa," akasema.
"Kumi na mmoja uwanjani, wanane wa akiba.
Sisi tumeshawahi kucheza na pungufu ya hapo."